Ma Georgina na Ngazi Kumi na Nne za Chumba cha Tatu

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, siku anayotimiza miaka sitini, Bi. Georgina Kahangwa anastaafu rasmi utumishi wake katika Chuo cha Falsafa Kyarugongo, hapa Muleba. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1993 kama mfanyakazi wa usafi, na anaondoka akiwa msimamizi wa usafi wa majengo yote. Ni miaka thelathini na miwili na miezi minane. Magombera watano, yaani wakuu wa chuo, wamekuja na kuondoka, yeye akiwepo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, mkutubi, kazi ya kuandika wasifu wake. Walisema nilikuwepo mwaka 2006, na kwamba mimi siyo mtu wa kuongeza chumvi. Nitajitahidi. Wanafunzi wa sasa wamesikia habari za Chumba cha Tatu kwa namna nyingi, nyingine za kuchekesha na nyingine za kutisha kupita kiasi, na mwenyewe ameniruhusu kuziandika jinsi zilivyokuwa.

Ma Georgina, kama tunavyomwita wote kwa heshima ya huku kwetu, alilelewa Kanazi na mama yake mdogo, Bi. Klaudia, baada ya wazazi wake kufariki angali mdogo. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akafiwa na mume, na alipokuja kuomba kazi alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Alistidia, aliyekuwa bado ananyonya. Gombera wa kwanza alimpa ndoo, brashi na ukanda mzima wa jengo la zamani, lile la mawe lililojengwa na wamisheni. Ndani yake kulikuwa na vyumba vitatu vya masomo. Wafanyakazi waliomtangulia walikuwa wakikimbilia kusafisha viwili vya kwanza na kuacha cha tatu kwa mtu mwingine. Cha tatu kilikuwa na baridi hata jua la Januari likiwa kali nje. Kulikuwa pia na jambo la sauti. Mwalimu akitembea mbele ya ubao, kila hatua yake ilisikika mara mbili: moja juu ya sakafu, na nyingine, nyepesi zaidi, chini yake, kana kwamba mtu alikuwa akimfuata upande wa pili wa saruji. Tulizoea. Tulisema ni mwangwi wa kuta za mawe.

Chumba hicho ndicho alichokipenda Padre Nathanieli Rugaibula, mwalimu wetu wa falsafa ya kale na ya Zama za Kati, ambaye sasa ni marehemu. Padre alikuwa na sheria yake: katika muhula wa kwanza hakuna ruhusa ya kutaja jina la mwanafalsafa yeyote. Alisema mwanafunzi akishapata jina huacha kutafuta wazo. Kwa hiyo darasani kwake kulikuwa na Mzee wa Athene, yule aliyehukumiwa kunywa sumu. Kulikuwa na Mwanafunzi wa Mzee, aliyefundisha kwamba roho ilijua kila kitu kabla ya kuzaliwa, na kwamba kujifunza ni kukumbuka. Kulikuwa na Askofu, Mwafrika wa kaskazini, aliyesema kuwa mwalimu wa kweli yumo ndani ya mtu na ndiye Mungu mwenyewe. Sisi wengine wenye chaki tunapiga kelele tu kwa nje. Na kulikuwa na Mtawa, mtu mnene na mkimya, aliyeshikilia kwamba hakuna kinachofika akilini bila kupitia kwanza kwenye macho, masikio na mikono. Padre mwenyewe alikuwa upande wa Mtawa. Lakini alikuwa mwalimu mwaminifu, na kila wazo alilipa nafasi yake ya kujitetea.

Wazo la kukumbuka alilipa nafasi kwa njia ya ajabu kidogo. Oktoba 1993, katika somo la kwanza la mwaka, alifungua mlango, akamkuta Ma Georgina anapiga deki ukumbini, akamwomba aingie. Alimpa chaki. Akachora mraba ubaoni na kumwuliza, mbele ya wanafunzi zaidi ya thelathini, afanyeje ili apate mraba mwingine wenye eneo mara mbili ya ule.

Ma Georgina alisema ataongeza kila upande mara mbili. Akachora, akahesabu, akaona amepata mara nne. Wanafunzi wakacheka. Padre hakumwambia jibu. Aliendelea kuuliza tu. Akajaribu upande mfupi kidogo, bado ukazidi. Akasimama. Kisha akaweka chaki kwenye kona moja na kuvuta mstari hadi kona ya pili, akautazama, akasema taratibu kwamba mraba mpya ujengwe juu ya mstari huo. Ndilo jibu. Hakuna aliyemwambia. Darasa zima lilisimama na kumpigia makofi, naye akarudi kwenye ndoo yake. Ameniambia kwamba wiki nzima alikuwa akichora miraba kwa jivu kwenye sakafu ya jikoni kwake.

Mwaka uliofuata Padre alimwita tena. Akauliza swali lile lile, na Ma Georgina akavuta ule mstari moja kwa moja, kona kwa kona, akarudisha chaki. Somo likaisha ndani ya dakika mbili.

Baada ya kipindi Padre alimfuata ukumbini. "Georgina, kumbe unakumbuka?"

"Nakumbuka, Waitu Padre," alijibu, kwa lile neno la Kihaya la kumheshimu mkubwa.

"Basi mwakani, tafadhali, usikumbuke."

Na kweli, kuanzia hapo, kila Oktoba, Ma Georgina alikuja kutojua. Alikuwa na kipaji cha hali ya juu. Kila mwaka alibuni kosa jipya. Mwaka mmoja alichora duara. Mwaka mwingine aliwaomba wanafunzi wamsaidie, wakambishia nusu saa nzima na kukosea wote. Kuna mapadre leo, wengine wana nyadhifa kubwa, ambao bado wanaamini kwamba waliona kwa macho yao mama asiyejua akikumbuka. Wasamehe, Ma. Na wao wakusamehe.

Sasa nifike 2006.

Jumanne ya tarehe 10 Oktoba, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimepeleka vitabu Chumba cha Tatu, nikabaki mlangoni kutazama, kama nilivyofanya miaka mingine. Wanafunzi walikuwa arobaini na mmoja. Nje kulikuwa na ukungu mzito umepanda kutoka ziwani, madirisha meupe kabisa, kiasi kwamba hatukuona hata mikaratusi ya uani. Ma Georgina alifanya kosa lake la kwanza vizuri. Akafanya la pili. Padre akauliza, kama desturi, "Na mstari huu sasa unakwenda wapi?"

Ma Georgina alikuwa ameweka chaki kwenye kona ya mraba. Aliivuta hadi kona ya pili, ikafika, na haikusimama. Iliendelea. Ilitoka kwenye mraba, ikashuka hadi ukingo wa ubao, ikaingia ukutani, ikashuka na ukuta. Alipiga magoti, akaendelea kuchora sakafuni. Hakuna aliyecheka. Tulimwona uso wake kwa upande; macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatutazama sisi. Alichora duara kubwa, linalofika kwenye madawati ya mbele, na wanafunzi wakainua miguu yao kumpisha. Ndani ya duara akaanza kuchora mistari mifupi, mmoja chini ya mwingine, kama ngazi. Alikuwa akizihesabu kwa Kihaya, kwa sauti ya mtoto mdogo. Sisemi kwa sauti nyembamba. Nasema ya mtoto. Alifika kumi na nne, akaacha.

Kisha akasema, "Amaizi."

Maji.

Padre aliinama karibu naye. "Georgina, nini?"

"Yuko chini," alisema. "Ananiita. Koku. Anasema Koku."

Hakuna mtu hapa chuoni aliyejua jina hilo. Kwenye faili lake ameandikwa Georgina, basi. Padre alimshika bega. Ma Georgina akashtuka, akatazama mikono yake iliyojaa chaki, akatazama sakafu, akaona aibu kubwa. Akatoa kitambaa kiunoni na kuanza kufuta.

"Acha," Padre alisema. "Usifute kitu."

Wanafunzi walitoka bila kuambiana. Mmoja wao, ambaye leo ni mwalimu mwenzetu, aliniambia kwamba alipopita juu ya ile michoro alisikia hatua ya chini ikigonga kabla ya yake.

Habari ilienea kabla ya chakula cha mchana. Wengine walisema ni malaria imepanda kichwani. Wengine walitaka aombewe. Gombera wa wakati huo, mtu wa taratibu, alimpa mapumziko ya wiki mbili. Ma Georgina hakwenda kupumzika. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa kwenye mlango wa Chumba cha Tatu na ndoo zake. Akamwaga maji sakafuni, ndoo baada ya ndoo, hadi kote kukawa bwawa. Wanafunzi walipofika hawakuweza kuingia, Padre akafundisha barazani. Siku iliyofuata akafanya vile vile. Na iliyofuata.

Siku ya tano Gombera alimwita ofisini. Nilikuwepo, nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi.

"Georgina, unajua unachofanya?"

"Waitu Padre, najua ninachofanya. Sijui kwa nini."

"Hicho ni chumba cha masomo. Kina nini?"

"Maji ninayomwaga hayakauki, Padre. Yanaondoka. Chini ya ubao kuna ufa, yanaingia humo. Ndoo kumi na mbili zinaingia, na sizisikii zikifika."

Gombera alinitazama, kisha akamtazama yeye. Alisema kwamba sakafu zote za zamani zina nyufa. Akampa barua ya onyo, na kumweleza kwamba ya pili itakuwa ya mwisho. Ma Georgina aliipokea kwa mikono yake iliyolowa, akaikunja na kuiweka ndani ya kanga. Alistidia alikuwa anaanza sekondari mwaka ule, na mama yake hakuwa na kazi nyingine wala shamba la kutosha. Tulipotoka nje nilimsihi. Nikamwambia amwache Mungu ashughulikie chumba chake.

Alinijibu, "Datius, labda ndivyo anavyoshughulika."

Asubuhi iliyofuata alimwaga maji tena. Gombera aliandika barua ya pili, lakini Padre Rugaibula alimwomba asiitoe kwanza. Alisema yeye hana shida na baraza, hewa ni nzuri. Nafikiri alikuwa akiogopa. Nilimkuta mara mbili amesimama mlangoni mwa chumba hicho, anatazama ile sakafu yenye maji, na kujaribu hatua moja kwa ncha ya kiatu kisha kurudi.

Jumatatu ya tarehe 23, siku ya tisa ya masomo, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa nne na dakika kama ishirini, wanafunzi arobaini na mmoja wakiwa barazani, Padre alikuwa anaeleza mawazo ya Mfungwa, yule Mrumi aliyesubiri kuuawa huku akijiuliza kama kuna furaha ambayo mtu hawezi kunyang'anywa. Tulisikia kishindo kimoja, kizito, kama gunia la kahawa limedondoshwa kutoka juu. Halafu kimya. Halafu, kutoka ndani ya jengo, sauti ya maji.

Nusu ya mbele ya sakafu ya Chumba cha Tatu haikuwepo. Ubao ulikuwa unaning'inia kwa msumari mmoja juu ya shimo la mviringo, jeusi, lililotoa hewa ya baridi yenye harufu ya udongo wa zamani. Madawati kumi na mawili yalikuwa yametumbukia. Duara la chaki lilikuwa limefuata ukingo wa shimo karibu lote. Palipobaki saruji, chaki ilibaki nayo, ingawa ilikuwa imemwagiwa maji siku zote zile.

Ma Georgina alikuja, akasimama nyuma yetu, akatazama. Alihesabu wanafunzi. Alipofika arobaini na mmoja alikwenda kukaa kwenye benchi la jikoni, na mpishi akampa chai.

Sitaficha kwamba walikuwepo waliosema maji yake ndiyo yaliyoibomoa sakafu. Gombera mwenyewe aliuliza hivyo, na lilikuwa swali la haki. Fundi aliyeitwa kutoka Bukoba mjini, Bwana Najibu, mjenzi wa matangi, alichukua kipande cha boriti kilichokuwa kimeishikilia saruji, akakivunja kwa vidole viwili kama andazi. Alisema boriti zile zilikwisha oza miaka mingi, na kwamba haelewi zilikuwa zinasubiri nini.

Bwana Najibu alivuta maji kwa pampu siku mbili. Lilikuwa tangi la kale la maji, limejengwa kwa mawe, na lina ngazi za mawe zinazozunguka ukutani hadi chini. Alishuka na taa, akarudi, akasema ngazi ni kumi na nne.

Kazi yangu ikawa kutafuta. Maktabani tuna shajara ya wamisheni, madaftari kumi na saba ambayo hakuna mtu aliyeyafungua kwa muda mrefu. Katika daftari la mwaka 1969, mwezi wa Mei, niliona mistari michache. Iliandikwa kwamba kibarua mmoja, Kahangwa, alishuka kuondoa tope ndani ya tangi, akazidiwa na hewa mbaya, akafa kabla ya kuokolewa. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya kumi na moja. Mwili ulitolewa na kuzikwa. Tangi likafunikwa kwa boriti na kuachwa. Baadaye, jengo lilipogeuzwa kuwa la masomo, mtu fulani alimwaga saruji juu ya boriti zile zile, na waliojua wakaondoka au wakafa.

Jumapili hiyo, Padre Rugaibula, Ma Georgina na mimi tulikwenda Kanazi kwa Bi. Klaudia. Tulimkuta barazani anamenya ndizi. Alifurahi kumwona padre, akaagiza tuletewe viti. Tulizungumza habari za mvua na kahawa. Kisha Padre akamwuliza kama anamfahamu mtu anayeitwa Koku.

Kisu kilisimama.

"Nani amelitaja hilo jina?"

"Mimi, mama," Ma Georgina alisema.

Bi. Klaudia aliweka kisu chini kando ya ndizi. Kisha akatueleza. Kokushubila ndilo jina alilopewa mtoto na baba yake; Georgina ni la ubatizo. Mama yake alikuwa mpishi wa misheni, na baba alikuwa kibarua pale pale. Siku ile mtoto, hajatimiza hata miaka minne, alimfuata baba yake na kuanza kushuka ngazi za tangi. Baba alikuwa chini, hewa imekwisha kumzidi, hawezi tena kupanda. Akamwona mtoto anashuka. Alitumia pumzi iliyobaki kumwita. Koku, garuka! Koku, rudi! Mama yake alisikia kutoka jikoni. Alipofika, mtoto alikuwa amekaa ngazi ya juu kabisa, mikono magotini, na chini hakukuwa na sauti tena.

"Hakusema neno miaka miwili," Bi. Klaudia alisema. "Mama yake akafa, nikamchukua. Alipoanza kusema, hakuwa na kumbukumbu yoyote. Tukakubaliana hapa nyumbani asikumbushwe. Tukamwambia baba alikufa kwa homa. Tukaacha na jina, kwa sababu akiitwa Koku alikuwa anatetemeka."

Ma Georgina aliuliza swali moja tu. "Aliniita mara ngapi?"

"Mama yako alisema mara tatu."

Alitikisa kichwa. "Kwangu ameita miaka kumi na mitatu. Kila nilipokuwa ubaoni. Nilidhani ni mtu wa shambani anaita mtoto wake."

Padre alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye, tukiwa garini kurudi Muleba, alianza kulipanga jambo kwa sauti, kama alivyozoea. Mtawa alikuwa sahihi, alisema: mtoto aliona kwa macho, akasikia kwa masikio, na vyote vikabaki ndani. Sauti ya hatua, baridi, maji yanayopotea kwenye ufa, hivyo ndivyo vilivyoviamsha. Kila kitu kina mlango kilioingilia.

"Lakini ngazi, Padre," nilisema. "Shajara inasema maji yalifika ya kumi na moja. Zile tatu za chini zilikuwa ndani ya maji na tope. Alizihesabu vipi?"

"Labda aliwahi kuliona likiwa kavu."

Ma Georgina alikuwa kiti cha nyuma. Alisema alikwisha mwuliza mama yake mdogo jambo hilo, pembeni, wakati wa kuagana. Tangi lile halikuwahi kukauka. Chini yake kulikuwa na chemchemi; lilichimbwa pale kwa sababu hiyo.

Padre akashusha kioo, akatazama nje mpaka tulipoona ziwa.

Padre Rugaibula alikuwa akiandika kitabu cha kiada kuhusu namna binadamu anavyojua. Muswada wake uko kwetu maktabani, na yeyote anaweza kuuomba. Unaishia ukurasa wa 112, katikati ya sentensi, kwenye sura ya Mtawa. Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya hapo, akiwa na afya nzuri na kalamu mezani, na hakuumaliza. Kila Oktoba aliendelea kumwita Ma Georgina darasani, lakini sasa alimpa kiti mbele, na yeye Padre akakaa na wanafunzi. Wakamwuliza wapendacho. Alijibu anachojua, na kwa kisichojulikana alisema hajui, kwa utulivu ambao wahitimu wetu wengi hawana hadi leo.

Gombera alichana barua zote mbili mbele ya wafanyakazi na kumwomba radhi. Misa ilisomwa kwenye ukingo wa tangi, kisha likajazwa udongo na mawe, na ukuta wa chumba ukabomolewa. Leo pana bustani ndogo yenye jiwe lililoandikwa jina la Kahangwa. Mwaka 2008 Ma Georgina alipandishwa kuwa msimamizi. Alianzisha ukaguzi wa sakafu na paa kila robo mwaka, ambao sasa umeigwa na shule mbili za jirani, na amewafundisha kazi vijana kumi na tisa. Anayechukua nafasi yake, Bi. Joanitha, ni mmoja wao. Alistidia amekuwa muuguzi Bukoba, na ndiye aliyemjengea mama yake nyumba Buhembe.

Niliwahi kumwuliza kama bado anasikia kitu. Tulikuwa tunapanga vitabu baada ya paa la maktaba kuvuja. Alisema hapana, tangu ile Misa ni kimya. Nikamwambia basi amepata amani. Alifuta kitabu kilicholowa kwa ncha ya kanga.

"Amani nimepata," alisema. "Lakini ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniita Koku."

Nililieleza hilo kwa Padre miezi michache kabla ya kifo chake. Alisema wale wanafalsafa wote aliofundisha habari zao, Wagiriki na wa Zama za Kati, walikubaliana jambo moja katika ugomvi wao wote: furaha ya mtu ipo kwenye kumjua yule anayempenda. Wanagombana tu juu ya ni nani, na unamjuaje. Halafu akasema kwamba kibarua yule, pale chini, alikuwa na sekunde chache na alijua kazi yake ilikuwa nini.

Nimalizie na habari ya keki, kwa sababu wengi mtaiona kesho na mtashangaa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliagiza keki kubwa mjini, nao walipanga iandikwe "Georgina, Mama Aliyeishi kwa Furaha". Walimpelekea karatasi aione. Aliisoma, akavua miwani. Akawakumbusha kwamba kuna Wagiriki waliokataza kumwita mtu mwenye heri kabla hajafika mwisho, na kwamba maneno kama hayo huandikwa kwenye msalaba, siyo kwenye keki. Wanafunzi waliona haya, wakauliza waandike nini basi. Alifikiri, akasema waandike ukweli ulio mfupi.

Kwa hiyo keki ya kesho imeandikwa "Georgina Bado Yupo". Itakatwa saa saba, baada ya Misa, na kutakuwa na senene wa kukaanga kwa sababu mwaka huu wameanguka wengi.

Ma Georgina, umetufanyia kazi kwa miaka zaidi ya thelathini, na watu arobaini na mmoja wanatembea leo sehemu mbalimbali za nchi hii kwa sababu hukukubali kwenda mapumziko. Tunakushukuru kuliko tunavyoweza kuandika. Uwe na afya Buhembe, kahawa yako izae, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na miaka yako iwe mirefu kuliko ile uliyotupa sisi.

Datius Kahigi
Mkutubi, kwa niaba ya wafanyakazi wote